Maofisa wa China na magulio ya vijijini: walioyafunga ndio walioyajenga

Msomaji wetu wa Iringa, ambaye kazi yake ni kununua mazao ya wakulima, ameuliza: "Tunaambiwa kila mara kwamba China ilipiga hatua baada ya serikali kuyaachia huru masoko ya vijijini. Lakini maofisa waliokuwa wakiwakamata wachuuzi kabla ya mwaka 1978 walibaki kwenye viti vyao baada ya hapo. Ilikuwaje watu wale wale wakakubali? Walibadilishwa, au walikaa pembeni tu?"

Ndugu msomaji, hawakukaa pembeni, na kwa sehemu kubwa hawakubadilishwa. Vilivyobadilika ni vitu viwili: kipimo ambacho ofisa alipimwa nacho na wakubwa wake, na mahali ambapo ofisi yake ilipata fedha za kujiendesha. Ukivishika viwili hivyo mkononi, hutashangaa kuona ofisi ile ile ikifunga gulio mwaka 1975, ikijenga soko mwaka 1984, ikiweka kizuizi barabarani mwaka 1987 na kumkopa mkulima mpunga wake mwaka 1992. Hadithi ya serikali "kuyaachia" masoko huficha mambo mengi, kwa sababu soko la vijijini la China halikufunguliwa kwa tamko moja. Lilifunguliwa zao baada ya zao na wilaya baada ya wilaya, na kwa nafaka lilifungwa tena zaidi ya mara moja.

Gulio lenyewe ni la kale kuliko serikali zote zilizojaribu kulitawala. Katika sehemu nyingi lilifuata kalenda ya mwezi mwandamo, ambayo huugawa mwezi katika makumi matatu: mji mdogo mmoja ulikuwa na gulio siku ya 1, ya 4 na ya 7 ya kila kumi, jirani yake siku ya 2, ya 5 na ya 8, na wa tatu siku ya 3, ya 6 na ya 9, ili mchuuzi mmoja aweze kuizungukia miji yote bila kukosa siku hata moja ya kazi. Mwishoni mwa mwaka 1953 serikali, kwa mpango uliosimamiwa na Chen Yun, kiongozi wa mambo ya uchumi, ilijitwalia peke yake haki ya kununua na kuuza nafaka. Mkulima alipangiwa kiasi na bei, mkazi wa mjini akapewa mgawo wake, na mwaka uliofuata pamba nayo ikaingizwa humo. Lengo lilikuwa kupata chakula cha bei ya chini kwa ajili ya miji na viwanda vilivyokuwa vikijengwa. Idara ya nafaka ya wilaya na ushirika wa ugavi na uuzaji zikawa milango ambayo karibu kila zao muhimu lilipaswa kupitia. Komuni, yaani mashamba makubwa ya pamoja ya wakulima, zilipoanzishwa mwaka 1958 magulio yalifungwa, na njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ilipozidi kuua watu yakaruhusiwa tena. Tangu hapo yaliruhusiwa kwa shingo upande: njaa ikibisha hodi yanafunguliwa, siasa ikipamba moto yanabanwa.

Mfano wa kubanwa huko ninaoupenda kuliko yote ni wa Haertao, komuni iliyokuwa katika wilaya ya Zhangwu, jimbo la Liaoning, kwa sababu unaonyesha jinsi ofisa anavyofikiri. Mwaka 1975 viongozi wa huko waliliondoa gulio la kawaida na mahali pake wakaweka kile walichokiita gulio kubwa la kisoshalisti. Siku ya gulio ilipofika, wanakomuni waliandamana kwa ngoma na bendera, wakiwa wamebeba mazao yao hadi kwenye meza za ushirika wa ugavi, wakayauza kwa bei ya serikali, wakarudi makwao. Ilikuwa marufuku kuuziana wao kwa wao. Kwa kuwa kila mtu alitarajiwa kuleta kitu, waliokosa cha kuuza walilazimika kukinunua kwingine kwa bei ya juu ili wakakiuze hapo kwa hasara. Mwaka 1976 gazeti la chama, Renmin Ribao, lililisifu gulio hilo, na Haertao ikatangazwa kuwa mfano wa kuigwa nchi nzima. Ukimfikiria kiongozi wa Haertao kama mtu aliyeichukia biashara, utakosea. Alikuwa mfanyabiashara hodari sana, ila bidhaa yake ilikuwa taarifa, na mnunuzi wake alikuwa ngazi ya juu.

Desemba 1978 mkutano mkuu wa Kamati Kuu ya chama ulitamka kwamba viwanja vya familia, kazi za ziada za nyumbani na magulio ni nyongeza ya lazima ya uchumi wa kisoshalisti na visiingiliwe ovyo. Kuanzia mavuno ya kiangazi ya mwaka 1979 bei ya nafaka ya mgawo, yaani kiasi ambacho mkulima alilazimika kuiuzia serikali, ilipandishwa kwa asilimia 20, na nafaka iliyozidi mgawo ikawa na nyongeza ya asilimia 50 badala ya 30. Kaya zilipewa mashamba ya kulima zenyewe, jambo lililoanza kwa siri katika vijiji kama Xiaogang, jimboni Anhui, na kufikia mwisho wa mwaka 1983 karibu kaya zote za wakulima zilikuwa katika mfumo huo. Mavuno ya nafaka yalipanda kutoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi tani milioni 407 mwaka 1984. Magulio ya vijijini, ambayo mwaka 1978 yalikuwa zaidi ya 33,000, yaliongezeka kiasi kwamba mwaka 1985 masoko ya nchi nzima, pamoja na ya mijini, yalikuwa yamepita 61,000.

Takwimu hizo hunukuliwa sana. Jambo linalonukuliwa kidogo ni mageuzi ya fedha za serikali ya mwaka 1980, ambayo Wachina waliyabatiza jina la kila mtu kula kwenye jiko lake. Zamani jimbo na wilaya vilikusanya mapato na kuyapeleka juu, kisha vikarudishiwa kwa mujibu wa mpango. Sasa kila ngazi ilikubaliana na ya juu yake kiasi cha kupeleka, na kilichozidi, au sehemu kubwa yake, kikabaki. Katibu wa chama wa wilaya aliyekuwa hana sababu ya kujali kama mchuuzi anapata au anakosa, ghafla akawa na sababu.

Nenda sasa Yiwu, jimboni Zhejiang, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua kwa miguu yao. Ilikuwa wilaya ya vilima na udongo usio na rutuba, na kwa vizazi vingi wanaume wake walikwenda mbali wakipiga kingoma cha mkononi, wakibadilisha peremende za sukari guru kwa manyoya ya kuku. Manyoya hafifu yalitumika kama mbolea shambani. Katika miaka ya sabini biashara hiyo iliwindwa na ofisi maalumu ya kupambana na ulanguzi, kosa ambalo Watanzania wanaokumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 watalielewa bila maelezo. Wachuuzi walitandaza bidhaa uchochoroni, maofisa wakaja, bidhaa zikataifishwa, na kesho yake wachuuzi wakarudi. Mwaka 1982 wilaya ilipata katibu mpya wa chama, Xie Gaohua. Mama mmoja mchuuzi alimzuia nje ya ofisi, akamuuliza kwa ukali kwa nini anafukuzwa ilhali ana watoto wa kulisha, naye akamwingiza ndani akamsikiliza. Tarehe 5 Septemba mwaka huo soko la Huqingmen lilifunguliwa rasmi, likiwa na meza mia saba hivi za kuanzia, na kabla mwaka haujaisha Xie alitangaza kwamba mkulima anaruhusiwa kufanya biashara mjini na kusafirisha bidhaa masafa marefu.

Kisa cha huyo mama kimesimuliwa mno, na Xie amekwisha kufanywa shujaa wa taifa. Anastahili. Mimi hata hivyo hukitazama zaidi kipengele kidogo cha kodi ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Kanuni za wakati ule zilitaka kodi ya mchuuzi ikokotolewe kwa viwango vinavyopanda kadiri mauzo yanavyopanda, jambo lililowezekana tu kama mchuuzi ana vitabu vya hesabu. Wauza vifungo na nyuzi hawakuwa navyo, kwa hiyo ofisa wa kodi alikadiria, mchuuzi akabisha, na siku ikaishia kwenye ugomvi au kwenye kificho. Yiwu ikaamua kutoza kiwango kimoja maalumu kwa kila meza, na anayeuza zaidi aendelee na faida yake. Lilikuwa jambo lililo kinyume cha kanuni za juu na lililolalamikiwa. Kwa ofisa wa kodi, hata hivyo, meza nyingi sasa zilimaanisha makusanyo mengi bila ugomvi, na kuanzia hapo yeye mwenyewe akawa na hamu ya kuona meza zikiongezeka. Hakuna hotuba iliyomgeuza.

Usidhani kwamba upepo ulivuma upande mmoja tu. Mwaka huo huo wa 1982, katika jimbo hilo hilo la Zhejiang, wafanyabiashara wanane mashuhuri wa mji mdogo wa Liushi, eneo la Wenzhou, waliandamwa kwa ulanguzi katika kampeni ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi. Baadhi walikamatwa, wengine walikimbia. Walisafishwa majina mwaka 1984. Kosa la ulanguzi lilikuwa ndani ya sheria ya jinai ya mwaka 1979, na halikuondolewa hadi sheria hiyo ilipoandikwa upya mwaka 1997. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka ishirini ya mageuzi, ofisa wa wilaya alikuwa na zana mbili mkononi kwa wakati mmoja, leseni na pingu, naye ndiye aliyechagua. Ndiyo sababu wafanyabiashara wengi wa Wenzhou waliamua kuandikisha karakana zao binafsi kwa jina la kijiji au komuni na kulipa ada kwa ajili ya jina hilo. Walinunua ulinzi, na ofisi za chini zikapata mapato mapya.

Wa kutazamwa kwa makini zaidi ni Idara ya Usimamizi wa Viwanda na Biashara, iliyorejeshwa mwaka 1978. Hao ndio waliokuwa na kazi ya kuwasaka walanguzi, na hao ndio waliopewa kazi ya kusimamia magulio yaliyofufuka. Kanuni za mwaka 1983 ziliwaruhusu kutoza ada ya usimamizi, isiyozidi asilimia 2 ya mauzo, na fedha hiyo ndiyo iliyolipia mabati, sakafu za saruji na mara nyingi mishahara. Idara ilijenga soko, ikakodisha meza, ikapima mizani, ikatoa leseni, ikaamua migogoro na kupiga faini. Huko Yiwu soko la pili lilijengwa na idara hiyo. Faida yake ilikuwa dhahiri, kwamba masoko yalijengwa upesi kuliko mpango wowote wa Beijing ungeweza kuyajenga. Hasara yake ilikuwa kwamba wachuuzi waliotaka kuuzia kando ya barabara, ambako wateja walikuwa tayari, walisukumwa kuingia ndani ya majengo yenye ada, hata pale ambapo majengo hayo yalikuwa matupu na hayana wanunuzi. Katikati ya miaka ya tisini serikali kuu iliamuru msimamizi na mwenye soko watenganishwe, na huko Yiwu soko liliwekwa chini ya kampuni iliyoundwa mwaka 1993, ambayo serikali ya mji ndiyo mwenye hisa mkuu. Hata leo pango la kibanda pale linaishia kwa serikali, kwa njia nyingine.

Hayo yote ni habari za vifungo, mayai na nguruwe. Kwenye nafaka ofisa yule yule alikuwa mtu mwingine, kwa sababu alipimwa kwa mgawo aliopeleka. Mwaka 1985, baada ya mavuno makubwa kuifanya shehena ikose ghala, serikali ilifuta ununuzi wa lazima na kuanzisha mikataba. Bei iliyolipwa sasa ilichanganya asilimia 30 ya bei ya zamani ya mgawo na asilimia 70 ya bei ya ziada, hivyo mkulima aliyezoea kuuza ziada kubwa akaona kilo yake ya mwisho imeshuka thamani. Mavuno yakashuka hadi tani milioni 379. Muda si muda mkataba ule ukageuka kuwa wajibu, na mwaka 1987 mbolea ya bei nafuu, dizeli na malipo ya awali vikafungamanishwa nao. Hapo ushirika wa ugavi ulipata nguvu mpya, maana mbolea ilikuwa na bei mbili, ya mpango na ya soko, na aliyekaa kati ya bei hizo mbili hakuhitaji kulima ili avune. Mifuko iliyotengwa kwa ajili ya wakulima wa mikataba ilitoka kupitia mlango wa nyuma kwa bei ya soko. Hasira juu ya maofisa walanguzi, pamoja na mfumuko wa bei uliopita asilimia 18 mwaka 1988, vilichangia maandamano ya uwanja wa Tiananmen ya mwaka 1989.

Wakati huo huo mageuzi ya fedha ya 1980 yalikuwa yanazaa upande wake mbaya. Wilaya iliyobaki na ziada ya mapato ilitaka kiwanda chake, na kiwanda kilitaka malighafi yake. Sufu ilipoachiwa katikati ya miaka ya themanini, maeneo ya wafugaji kama Xinjiang, Gansu na Mongolia ya Ndani yalijenga viwanda vyao vya kusokota na kuzuia sufu isitoke, wanunuzi kutoka mbali wakapandishiana bei, watu wakachanganya mchanga ndani ya marobota ili uzito uongezeke, na viwanda vya Shanghai vyenye mashine bora vikakosa malighafi. Vifukofuko vya hariri vilipita njia hiyo hiyo huko Jiangsu na Zhejiang, na mageti barabarani yakawa jambo la kawaida. Wewe unayenunua mazao huhitaji kuelezwa geti la ushuru ni kitu gani. Ninachotaka uone ni kwamba geti hilo halikuwekwa na ofisa aliyepinga soko. Liliwekwa na ofisa ambaye wilaya yake ilikuwa imeshaingia sokoni kama mshindani.

Kufikia mwaka 1992 yakatokea yale yaliyowaumiza wakulima kuliko mageti. Fedha za benki zilizotengwa kwa ununuzi wa mavuno zilielekezwa kwenye maeneo mapya ya viwanda, hoteli na biashara ya viwanja, na mkulima alipofika ghalani na mpunga wake akapewa kipande cha karatasi cheupe kinachosema atalipwa baadaye. Siku hiyo hiyo ofisi ya kata ilimdai michango yake kwa fedha taslimu, na karatasi ile haikupokelewa. Mwaka 1993 wakulima wa wilaya ya Renshou, Sichuan, walizua ghasia kubwa kwa sababu ya michango ya ujenzi wa barabara. Serikali kuu ilipiga marufuku karatasi hizo na mwaka 1994 ikaanzisha Benki ya Maendeleo ya Kilimo, ili fedha za mavuno ziwe na mfuko wake. Lakini mwaka huo huo mgawanyo wa kodi ulibadilishwa, na sehemu ya serikali kuu katika mapato ikaruka kutoka asilimia 22 hadi 56 hivi. Majukumu ya shule, afya na mishahara yalibaki chini. Viongozi wa kata walikuwa wakitia saini malengo ya mwaka na wilaya, yakihesabiwa kwa alama, na baadhi yake, kama uzazi wa mpango, yakiwa na nguvu ya kufuta mafanikio mengine yote mtu akishindwa. Mtu aliyebanwa hivyo hukusanya anakoweza. Kwingine aliwalazimisha wakulima kupanda tumbaku, kwa kuwa tumbaku ilikuwa na kodi nono, hata pale ambapo mkulima alijua ardhi yake inafaa kitu kingine.

Mwaka 1998 Waziri Mkuu Zhu Rongji, akikabiliwa na hasara ya zaidi ya yuan bilioni 200 katika maghala ya nafaka ya serikali, aliamua kuyarudisha yote mikononi: maghala yanunue nafaka yote ya wakulima kwa bei ya kinga, yaani bei ya chini kabisa iliyowekwa na serikali, yauze kwa faida, na wafanyabiashara binafsi wasinunue moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Alikuwa kiongozi mkali na mwenye akili, na hata hivyo nadhani uamuzi huo ulikuwa dhaifu kuliko yote aliyoyafanya, kwani uliwataka watu wa maghala wanunue ghali bila kikomo na wauze kwa faida, huku nchi ina nafaka tele. Wakanunua kidogo, wakakataa wakulima, wakaripoti vingine. Mei mwaka huo alipotembelea wilaya ya Nanling, Anhui, ghala alilopelekwa lilikuwa limejaa hadi juu. Ilikuja kufichuliwa baadaye kwamba karibu lilikuwa tupu, na kwamba zaidi ya tani elfu moja zilisombwa kutoka maghala mengine siku chache kabla hajafika. Ni miaka ishirini na mitatu baada ya Haertao, katika uchumi uliobadilika kabisa, na bidhaa inayouzwa kwa ngazi ya juu bado ni taarifa.

Biashara ya nafaka ilifunguliwa nchi nzima mwaka 2004, na ruzuku zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwa mkulima badala ya kupitia maghala. Michango ya vijijini ilikuwa imeanza kugeuzwa kuwa kodi moja katika jimbo la Anhui mwaka 2000. Kodi ya kilimo ikafutwa tarehe 1 Januari 2006, na ada ya usimamizi wa magulio ikakomeshwa Septemba 2008. Ukiniuliza kwa nini safari hii maofisa hawakupinga sana, nitakujibu kwamba walikuwa wameshapata kisima kingine. Kwa sheria ya ardhi ya wakati ule, shamba la kijiji halikuweza kuuzwa kwa ujenzi wa mji mpaka serikali ilitwae kwanza, ilipe fidia iliyokokotolewa kwa thamani ya mazao, kisha iliuze kwa bei ya mji. Tofauti ya bei hizo mbili ilizidi kwa mbali ushuru wa mayai na nguruwe. Mkulima aliachiwa auze mpunga wake kwa amtakaye, wakati kiwanja chake kilikuwa na mnunuzi mmoja tu, na hali hiyo haikuanza kulegezwa kisheria hadi marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2019.